Pumba za Mpunga na Maji ya Kisima: Zinachoweza Kunasa na Zisichoweza

Katika mkutano wa hadhara wa mojawapo ya kata zetu zenye machimbo madogo ya dhahabu, mama mmoja alisimama akauliza swali lililostahili jibu refu kuliko muda uliobaki. Alisema amesikia kwamba pumba za mpunga, zile zinazorundikana nyuma ya mashine za kukoboa, huondoa sumu ya metali katika maji. Yeye ana kisima kifupi kilicho bondeni, chini kidogo ya mwalo wa kuoshea mchanga wa dhahabu, na ana watoto watatu. Je, akijaza pumba katika ndoo iliyotobolewa na kupitisha maji humo, watoto wanaweza kuyanywa?

Aliyoyasikia mama yule ni kweli. Hata hivyo, alilokusudia kulifanya ni hatari. Makala haya yanaeleza kwa nini mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja, ili kila kaya inayochota maji karibu na machimbo ijue la kufanya na la kuepuka.

Metali nzito ni nini?

Metali nzito ni kundi la metali ambazo, hata zikiwa kidogo sana mwilini, huleta madhara. Zinazotajwa zaidi ni risasi, zebaki, kadimi na kromi. Aseniki nayo huwekwa katika kundi hili kwa sababu ya sumu yake, ingawa wanakemia hawaihesabu kuwa metali kamili.

Metali hizi huingia majini kwa njia kuu mbili. Njia ya kwanza ni maumbile yenyewe. Miamba yenye dhahabu mara nyingi hubeba pia aseniki na risasi, na maji ya ardhini yanayopita katika miamba hiyo huyeyusha sehemu yake. Kisima kinaweza kuwa na aseniki hata kama hapajawahi kuchimbwa dhahabu karibu nacho. Njia ya pili ni kazi za binadamu. Mawe yanaposagwa kwenye karasha, kilichokuwa kimefungwa ndani ya mwamba hugeuka vumbi na tope. Mvua ikinyesha, tope hilo huteremka bondeni. Zebaki, kwa upande wake, huletwa na mchimbaji mwenyewe ili kukamata dhahabu, kisha sehemu yake hubaki katika marudio na sehemu nyingine hupaa hewani dhahabu inapochomwa.

Madhara yake hayaonekani siku hiyo hiyo. Risasi hudhoofisha ubongo wa mtoto unaokua, na wataalamu wa afya hawajapata kiwango chochote cha risasi mwilini ambacho wanaweza kukiita salama. Zebaki hushambulia mishipa ya fahamu na humfikia mtoto akiwa bado tumboni. Aseniki inayonywewa kwa miaka mingi huleta madoa na ugumu wa ngozi, na hatimaye saratani. Kadimi huharibu figo.

Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara kaskazini mwa Nigeria, zaidi ya watoto 400 walifariki kwa sumu ya risasi. Wazazi wao walikuwa wachimbaji wadogo waliosaga mawe ya dhahabu majumbani, na mawe yale yalikuwa na risasi nyingi. Vumbi lake lilienea katika nyua na katika vyanzo vya maji. Wazazi hao walikuwa wakitafuta riziki kama wanavyotafuta ndugu zetu hapa.

Kuchemsha hakusaidii

Tumefundishwa tangu shuleni kuchemsha maji ya kunywa, na mafunzo hayo yabaki palepale, kwa kuwa moto huua vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo. Lakini metali si kiumbe hai, na moto hauiui. Tena maji yanapochemka kwa muda mrefu, sehemu yake hupotea kama mvuke ilhali risasi na aseniki hubaki sufuriani, hivyo maji yanayobaki huwa na metali nyingi zaidi kwa kila lita. Vidonge vya klorini na vile vya kutakasa maji navyo haviondoi metali. Kuyachuja kwa kitambaa huondoa tope, na pamoja na tope huondoka metali iliyogandamana nalo, lakini ile iliyoyeyuka hupita.

Macho na ulimi pia si mashahidi wa kutegemewa. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha risasi katika maji ya kunywa kuwa miligramu 0.01 kwa lita, na kiwango hicho hicho kwa aseniki. Chukua tangi la lita 1,000. Kiwango hicho ni sawa na uzito wa punje tatu hivi za ufuta zilizoyeyushwa katika tangi zima. Hakuna ulimi unaoweza kuonja hilo. Maji yanaweza kumeta kama kioo na bado yakawa na mara 10 ya kiwango hicho.

Namna mabaki ya mazao yanavyonasa metali

Katika kila kilo 100 za mpunga, takriban kilo 20 ni maganda. Ongeza hapo magunzi ya mahindi, maganda ya karanga na ya kahawa, vifuu vya nazi, maganda ya ndizi na makapi ya miwa. Sehemu kubwa ya mabaki haya hutupwa au huchomwa. Kwa miongo mingi sasa watafiti wa nchi mbalimbali wameyapima katika maabara na kuthibitisha kuwa yana uwezo wa kunasa metali iliyoyeyuka majini.

Siri iko katika ukuta wa seli za mmea. Ukuta huo umejengwa kwa selulosi na lignini, na juu yake kuna sehemu ndogo sana zenye chaji hasi. Risasi, kadimi na shaba zikiyeyuka majini huwa na chaji chanya. Chaji hasi na chanya huvutana, hivyo metali inapopita karibu na sehemu hizo hushikwa. Mara nyingi huchukua nafasi ya kalisi au potasi iliyokuwapo tangu mmea ulipokuwa shambani.

Mabaki yakichomwa katika chombo kisichoingiza hewa nyingi, hayawi majivu bali makaa. Makaa yana vitundu vingi vidogo visivyoonekana kwa macho. Makaa ya vifuu vya nazi yakiandaliwa kiwandani kwa mvuke wa joto kali, gramu moja tu inaweza kuwa na eneo la ndani linalozidi mita za mraba 1,000, yaani zaidi ya viwanja viwili vya mpira wa kikapu. Makaa ya jikoni hayafikii hapo, lakini kanuni ni ile ile: kadiri eneo linavyokuwa kubwa, ndivyo nafasi za kunasa zinavyoongezeka.

Tunaweza kulinganisha pumba na basi lenye viti. Kila metali inayonaswa hukaa kwenye kiti kimoja. Viti vikiwa wazi, abiria hupanda. Viti vikijaa, abiria wanaofuata hubaki kituoni, na kituo chenyewe ni kikombe cha mtoto wako.

Jaribio la wino

Jambo hili laweza kuonwa kwa macho shuleni au nyumbani, bila kutumia sumu yoyote. Twanga makaa ya magunzi mpaka yawe kama mchanga laini, yaoshe mara kadhaa, kisha yajaze katika chupa ya plastiki iliyokatwa kitako na kuzibwa mdomoni kwa pamba. Changanya maji na matone machache ya wino wa buluu. Yamimine juu ya makaa polepole, na kinga yanayotoka chini.

Maji ya mwanzo yatatoka yakiwa yamepungukiwa rangi kwa kiasi kikubwa. Usiishie hapo. Endelea kumimina maji ya wino, glasi baada ya glasi. Itafika glasi ambayo maji yake yataanza kutoka na rangi, na ijayo itakuwa na rangi zaidi. Makaa hayajabadilika sura wala harufu, lakini yamekwisha kazi.

Somo lenyewe liko katika glasi hiyo ya mwisho. Wino hututangazia kwamba chujio limejaa. Risasi na aseniki hazitangazi. Mama aliyetengeneza chujio la pumba angeweza kupata maji yaliyopungua sumu wiki ya kwanza, na wiki ya nne akawa anawanywesha wanawe maji yale yale ya kisima, huku moyo wake umetulia kwa kuamini kuwa yamesafishwa.

Mahali pumba zinaposhindwa

Mbali na kujaa, kuna sababu nyingine nne zinazofanya chujio la nyumbani lisitegemewe.

Kwanza, maji ya kisima si maji ya maabara. Yana kalisi na magnesi, ndizo zinazofanya sabuni isitoe povu, na hizo nazo zina chaji chanya. Hupanda basi lile lile na kukalia viti vilivyokusudiwa risasi.

Pili, tindikali. Maji yanayotoka katika baadhi ya mashimo na malundo ya mawe ya machimbo huwa na tindikali kali. Katika hali hiyo viti hukaliwa na tindikali yenyewe, na metali hupita. Zaidi ya hayo, tindikali inaweza kung'oa metali iliyokwisha kunaswa na kuirudisha majini.

Tatu, aseniki. Katika visima vingi aseniki huwa na chaji hasi au haina chaji kabisa. Pumba ghafi, ambazo nazo zina chaji hasi, haziwezi kuivuta ipasavyo. Kinachoishika vizuri ni kutu ya chuma. Hivyo pumba zinazofaa kwa risasi zinaweza zisifae kitu kwa aseniki, na bila kipimo huwezi kujua kisima chako kina ipi.

Nne, zebaki. Sehemu kubwa ya zebaki ya machimbo haielei majini ikisubiri kuchujwa. Huzama katika tope la mto na la mabwawa. Humo bakteria huigeuza kuwa aina yenye sumu kali zaidi, inayopanda kutoka wadudu hadi samaki wadogo, kisha samaki wakubwa, kisha sahani zetu. Ndivyo ilivyotokea katika mji wa Minamata nchini Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956 miongoni mwa familia zilizokula samaki wa ghuba iliyomwagiwa taka za kiwanda. Aidha, anayechoma dhahabu huvuta mvuke wa zebaki moja kwa moja. Hakuna ndoo ya pumba inayozuia lolote kati ya hayo.

Walikofanikiwa, walifanyaje?

Haya yote hayana maana kwamba mabaki hayana kazi. Hapa nchini, Kituo cha Ngurdoto mkoani Arusha kimetumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuondoa floridi, madini yanayogeuza meno kuwa ya kahawia na kupinda mifupa ya watoto. Floridi si metali nzito, lakini njia ni ya aina moja: mabaki ya mifugo yamegeuzwa kuwa kitu cha kunasa. Huko mifupa huchomwa katika tanuri kwa utaratibu maalumu, na mkaa ukichoka hubidi kubadilishwa.

Nchini Bangladesh, ambako mamilioni ya watu walikunywa maji ya visima yenye aseniki, mwanakemia Abul Hussam alibuni chujio la ndoo mbili lenye mchanga, chuma kilichoandaliwa, makaa ya kuni na vipande vya matofali. Mwaka 2007 kazi hiyo ilipewa tuzo ya Grainger nchini Marekani. Katika chujio hilo kinachokamata aseniki ni chuma, na makaa ni msaidizi.

Ngurdoto na Bangladesh zinafanana katika jambo moja: maji yalipimwa kwanza, kinachonasa kikachaguliwa kulingana na sumu iliyopatikana, kisha yanayotoka yakapimwa tena. Pumba peke yake ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kipimo.

Pumba zilizotumika ni sumu

Pumba hazikuiteketeza metali. Zimeikusanya mahali pamoja. Kilichokuwa kimetawanyika katika lita maelfu sasa kimo katika gunia moja, na katika kata zetu gunia la pumba halikai bure. Hutandazwa katika banda la kuku, humwagwa bustanini, na zaidi ya yote huchomea matofali.

Pumba au makaa yaliyochuja maji ya machimbo yasitumike kwa lolote kati ya hayo. Yakichomwa, zebaki hupaa na moshi na kuvutwa na wote walio jirani, na risasi hubaki katika majivu ambayo upepo huyapeperusha. Yakimwagwa bustanini, mvua huyarudisha kisimani. Yahifadhiwe katika chombo kisichovuja, chini ya paa, mbali na watoto na mifugo, na taarifa itolewe kwa Afisa Mazingira ili aelekeze namna ya kuyateketeza kwa usalama.

Nafasi halali ya mabaki haya katika kata zetu

Mahali panapostahili pumba na magunzi ni kwenye mwalo, kabla maji machafu hayajafika kisimani. Utaratibu unaopendekezwa una hatua tatu. Maji ya kuoshea mchanga yaingie kwanza katika bwawa lililosakafiwa lisilopitisha maji ardhini, yatulie ili tope lizame. Kisha, yakiwa na tindikali, yatiwe chokaa kwa maelekezo ya mtaalamu. Mwisho yapite katika tabaka nene la makaa ya mabaki ya mazao, na ikiwezekana yarudishwe kuoshea mchanga mwingine badala ya kumwagwa. Hapo makaa hufanya kazi ya kupunguza mzigo wa sumu, na hayabebeshwi dhamana ya uhai wa mtoto.

Kikundi cha wachimbaji kinachotaka kujaribu utaratibu huo kisianze peke yake. Kiandike kwa Mtendaji wa Kata, naye awakutanishe na Afisa Mazingira na Afisa Madini. Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuharibu chanzo, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa au bwawa. Kwa upande wa zebaki, Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020, unaotaka matumizi yake yapunguzwe na hatimaye yakomeshwe. Anayeendelea kuitumia asichome dhahabu nyumbani wala jikoni, na atumie ritoti, yaani chombo kilichofungwa kinachorudisha mvuke wa zebaki kuwa maji yake.

Hatua za kuchukua leo

1. Ikiwa kisima chako kiko karibu na mwalo, karasha au lundo la marudio, acha kutumia maji yake kwa kunywa na kupikia mpaka yapimwe. Yanaweza kuendelea kufulia na kudekia.

2. Toa taarifa kwa Mtendaji wa Kijiji, kwa Afisa Afya wa Kata au kwa jumuiya ya watumia maji ya eneo lako, ambayo hufanya kazi pamoja na RUWASA. Omba kisima kipimwe metali, na utaje neno hilo, kwa sababu kipimo cha kawaida cha vijidudu hakionyeshi risasi wala aseniki.

3. Usipeleke maji katika chupa ya soda au ya mafuta. Kipimo cha metali huhitaji chupa iliyosafishwa maalumu na maabara, na mtaalamu ndiye achukue sampuli.

4. Wakati wa kusubiri, chota katika bomba la mradi au kisima kirefu kilichokwisha kupimwa. Maji ya mvua ya paa la bati yanafaa ikiwa hakuna uchomaji wa dhahabu wala karasha jirani. Acha mvua za kwanza zioshe paa, kisha kinga, na uchemshe kabla ya kunywa.

5. Mchimbaji avue nguo za kazi na kunawa kabla ya kuingia nyumbani. Vumbi la nguo humfikia mtoto upesi kuliko maji ya kisima.

6. Mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano anayeishi karibu na uchenjuaji afikishwe kituo cha afya, na mhudumu aelezwe wazi kuhusu makazi hayo.

7. Ukiuziwa chujio la "kuondoa sumu zote", muulize muuzaji mambo matatu: linaondoa metali ipi, limepimwa na maabara gani, na hubadilishwa baada ya lita ngapi. Asiyeweza kujibu asikuuzie.

Mama yule alijibiwa siku ile kwamba asitumie pumba, aache kisima kwa muda, na aandikishe jina lake ili maji yapimwe. Hakufurahi, kwa maana bomba la mradi liko mbali na ndoo ni nzito. Uzito huo twaujua, na kipimo cha kisima chake ni haki yake ya kudai. Lakini mwendo wa kufuata maji bombani, hata uwe mrefu, una siku utakayopunguzwa kwa bomba kusogezwa. Akili ya mtoto iliyodhoofishwa na risasi hairudi. Maji yakimwagika hayazoleki.